Mita Mia Mbili za Theluji

Jumatatu, 19 Januari

Roswitha anahama! Nimeliandika, nimelisoma tena, na bado siliamini. Anakwenda Freiburg kuishi na dada yake. Treni ya saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Jumamosi ya tarehe 31. Aliniambia asubuhi alipokuwa akinipa funguo za Ukumbi wa Sleji hapa ngomeni tunapofanya kazi, kwa sauti ya mtu anayearifu kwamba karatasi za chooni zimekwisha.

Nikamjibu kwamba Freiburg kuna hali nzuri ya hewa.

Hali ya hewa! Miaka kumi na moja nimelipenda lile dirisha la tiketi na mtu anayekaa ndani yake, na siku ninayoambiwa anaondoka, nageuka mtangazaji wa utabiri. Kazini mimi humwita Bibi Lenz na yeye huniita Bwana Haffner. Jina la Roswitha ni la humu daftarini tu.

Nimeongoza ziara nne leo. Wageni waliburuta yale malapa ya sufu tunayowavalisha juu ya viatu ili wasikwaruze sakafu. Niliwaonyesha Dubu, niliwaonyesha Bata Maji mwenye shingo ya dhahabu, sleji za kale zilizochongwa kama wanyama na kukokotwa na farasi juu ya theluji, sauti yangu ikiwa ya maiti. Nikafika kwenye haki ya sleji. Mwanamke alikaa mbele, ndani ya nakshi; mwanamume alipanda nyuma, miguu huku na huku, akashika hatamu; na safari ilipokwisha alikuwa na haki ya kupewa busu moja, wala mwanamke hakuruhusiwa kukataa. Mama mmoja kutoka Bremen akauliza kama haki hiyo bado ipo. Nikasema ipo. Kila Januari chama chetu cha historia ya mji hutoa sleji mbili za kuigiza, na Jumapili hii...

Hapo nikasimama katikati ya sentensi. Jumapili hii!

Mpango: nimwendeshe Roswitha mimi. Mwisho wa safari nadai haki yangu, na uso wake ukiwa karibu namwambia, usiende. Basi. Kwa nini nisimwendee dirishani na kumwambia tu? Haiwezekani. Pana watu kwenye foleni.

Jumanne, 20 Januari

Kikwazo kina jina: Wendelin Kratz. Anaongoza ziara za vyumba vya juu vya ngome. Ni mwenyekiti wa chama. Ana nywele za bandia za kuigizia, za kwake binafsi, si zile za chama, na sauti nene ambayo huwafanya wanawake wazee wafungue vifungo vya makoti. Madereva wa sleji ni wawili, yeye na mimi. Wanawake wa chama ni sita. Abiria hupatikana kwa kura kama enzi za watawala: majina huwekwa ndani ya mayai ya bati, na kila dereva huchukua yai moja bila kutazama.

Lakini mwenye ufunguo wa kabati la mayai ni nani? Mimi!

Nimelileta yai la Roswitha nyumbani. Liko kwenye friza, kati ya njegere na samaki. Kesho, siku ya kura, nalirudisha kwenye kisanduku cha mayai dakika ya mwisho. Nitaingiza mkono, nitapapasa, lenye baridi ndilo langu. Nimejipongeza mbele ya kioo.

Bibi Mauz, mwenye nyumba anayeishi chini yangu, amepanda kuniambia kwamba kibao cha zamu ya usafi kimetundikwa mlangoni kwangu tangu jana. Wiki hii kufagia ngazi na mbele ya nyumba ni juu yangu. “Ngazi ya tatu ina kona mbili, Bwana Haffner,” alisema. “Wewe umefagia moja.” Nilimwahidi ya pili. Hakuna kinachoweza kuniudhi leo.

Jumatano, 21 Januari

Nimekwisha.

Kura ilipigwa saa kumi na moja jioni ndani ya Ukumbi wa Sleji. Kratz alichukua yai la kwanza kwa kuwa ni mwenyekiti. Nilitabasamu. Nikaingiza mkono kisandukuni. Yai la kwanza, baridi kama barafu. La pili, baridi. La tatu, la nne, yote!

Ukumbi wa Sleji hauwashwi joto. Ukiwashwa, mbao za nakshi hupasuka. Jambo hili nawaambia wageni mara nane kwa siku, kwa lugha mbili. Leo asubuhi nilimwambia mtoto wa shule aliyelalamika kwamba vidole vinamuuma.

Nilipapasa muda mrefu mpaka Kratz akauliza kama nakamua ng’ombe. Watu walicheka. Nikatoa yai lolote. Bibi Ottilie Mauz! Mwenye nyumba wangu! Amepiga makofi. Ameshatoa kofia yake ya manyoya kwenye kasha, na nyumba nzima inanuka dawa ya nondo.

Kratz alifungua lake, akalisoma polepole kwa ile sauti yake. Roswitha Lenz. Mwenye jina akaona haya kidogo. Nimeyaona mashavu yake. Sikula chakula cha jioni.

Alhamisi, 22 Januari

Nilimwomba Kratz tubadilishane. Nilimweleza kwamba Bibi Mauz ni mwanamke mwenye hadhi na mgongo wenye matatizo, anahitaji dereva mzoefu. Akajibu kwamba kura ni kura na imeshaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Basi nikacheza karata yangu ya mwisho. Hatuna theluji. Baridi ipo, nyuzi sita chini ya sifuri, lakini kavu; tangu Desemba haijadondoka hata punje. Kikaoni jioni Kratz akatangaza kwamba sleji zitafungwa magurudumu kama miaka mitatu iliyopita. Nikasimama. Nikasoma kanuni ya ngome ya mwaka 1743, kwamba haki ya sleji hupatikana juu ya theluji, na juu ya theluji tu. Kwa magurudumu hakuna busu!

 Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimemnyamazisha Kratz. Ushindi huo ukadumu kama sekunde nne.

“Lete theluji basi, Haffner!” akasema. “Mita mia mbili, kutoka lango la ngome hadi kisimani. Ukiileta kabla ya saa nne Jumapili, nakupa Bibi Lenz wako.”

Wako! Chama kizima kiliangua kicheko.  Lakini nilimwomba katibu aliandike hilo, na ameliandika, na Kratz ametia saini huku akifuta machozi ya kucheka. Cheka, Wendelin. Cheka.

Ijumaa, 23 Januari

Theluji imepatikana!

Nilikuwa napita nyuma ya uwanja wa kuteleza barafuni nikiwa nimekata tamaa kabisa, nikaliona. Lundo! Jeupe, refu kuliko mimi. Ile mashine inayolainisha barafu hukwangua unga, na unga humwagwa pale nyuma, na kwa baridi hii hauyeyuki. Wiki sita za unga. Nilitaka kulikumbatia.

Dereva wa mashine anaitwa Bülent, mzaliwa wa hapahapa mtaani, baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha saa. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea koleo. Kisha akasema, “Bwana wee, huyo mama umemwambia lakini kwamba unampenda?” Nikamweleza kwamba hatua hiyo ipo kwenye mpango, mwishoni. Akatikisa kichwa. Anakubali kuleta tela tatu kesho jioni, ila yeye na mkewe wapigwe picha ndani ya Bata Maji halisi, yule wa nyuma ya kamba. Ni marufuku kabisa. Nimekubali.

Aliuliza pia kama watu wa mtaani wamearifiwa. Nimemwambia si lazima. Mtu akiona mita mia mbili za theluji nyeupe safi, kwa upana uleule, kutoka lango hadi kisima, ataelewa mwenyewe kuwa ni pambo.

Jumamosi, 24 Januari

Mikono yangu haikunjiki. Naandika kwa shida.

Tulianza saa kumi na moja, maduka yalipofungwa. Tela tatu. Bülent alimwaga, mimi nikasambaza kwa koleo na kulainisha kwa reki. Saa moja kasoro ilikuwa tayari. Jamani! Mtaa wa Ngome, mtaa ninaoishi mimi mwenyewe, ulikuwa mweupe mpaka kisimani, taa za madirisha zikiwaka juu yake. Miaka mia tatu iliyopita wasingepata mzuri zaidi.

Kratz alikuja. Alikanyaga kwa kisigino, akainama, akaonja.  Akavua glavu na kunipa mkono. Namkumbuka sasa bila chuki.

Kisha akaja Roswitha na chupa ya chai. Tukasimama wawili tu chini ya lango. Alinimiminia kwenye kifuniko, akautazama mtaa, akatabasamu, akauliza, “Haya yote umeyafanya kwa ajili ya nani, Bwana Haffner?”

Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na mtu. Nikafungua mdomo.

“Kwa ajili ya historia ya mji,” nikasema.

Akasema aha. Akakifuta kifuniko cha chupa, akakifunga, akanitakia usiku mwema. Si kitu! Ningeharibu mpango kwa kukimbilia. Kesho saa nne nitakuwa na haki ya mwaka 1743 mkononi.

Jumapili, 25 Januari

Sijui nianzie wapi.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu bila saa ya kengele, kwa furaha. Nikavaa. Nikafungua mlango, na kibao cha zamu kikanigonga kifuani. Mwili wangu ukafanya ulichofanya kila zamu ya baridi kwa miaka kumi na moja. Ukashuka ngazi. Ukachukua koleo la theluji pale chini ya ngazi. Ukatoka nje, ukaona theluji mbele ya nyumba, na ukaanza kukwangua.

Nilikuwa nawaza Roswitha. Nilikuwa napanga maneno. Nilikwangua vizuri, kona zote mbili, nikapakia kwenye toroli, nikaimwaga mtoni kama tufanyavyo sote, nikarudi na ndoo na kumwaga kokoto za kuzuia utelezi. Nikasikia koleo jingine kwa jirani, na jingine ng’ambo, na jingine mbele yake. Ile sauti ya chuma juu ya mawe ambayo mtu wa hapa akiisikia hujisikia yuko nyumbani. Nikafurahi. Nikampungia jirani mkono.

Kanuni ya mji inasema, kila mwenye nyumba aondoe theluji mita moja na nusu mbele ya nyumba yake. Mtaa wa Ngome una upana wa mita tatu. Una nyumba pande zote mbili.

Nilipoinua mgongo ilikuwa saa mbili kasoro kumi. Mtaa ulikuwa safi, mkavu, wenye kokoto kutoka lango hadi kisimani, na watu wamesimama milangoni na makoleo yao, wameridhika. Pale kwenye kona alikuwa amesimama Kratz na nywele zake za bandia. Hakucheka hata. Bora angecheka.

Nikapiga ukelele. Bibi Mauz alitoka na kofia yake ya manyoya na kunishika bega. Katika miaka yote hii hajawahi kunisifu. Leo alinisifu mbele ya mtaa mzima. Alisema majirani wote walijua theluji ni ya sherehe. Walikubaliana jana dirishani waiache. Lakini walipomwona Bwana Haffner mwenyewe, mwenye theluji, anakwangua kabla hata ya saa moja, wakaona aibu. Nani abaki kitandani na mbele ya nyumba yake pachafu?

Mimi! Ni mimi niliyeanza!

Nilikimbia kwa Bülent. Lundo lilikuwa limekwisha, tulilimaliza jana. Alikuwa anakunywa kahawa. Alinitazama, akaitazama ndoo ya kokoto niliyokuwa bado nimeishika, akasema, “Usiniambie.” Nikamwambia. Akaingia ndani, na nikamsikia akimsimulia mkewe, kisha nikamsikia mkewe.

Saa nne, magurudumu. Kratz mbele na Roswitha, mimi nyuma na Bibi Mauz, aliyeelekeza njia mwanzo hadi mwisho kana kwamba ipo zaidi ya moja. Kisimani nikakumbusha kwa sauti kwamba kwa magurudumu hakuna haki. Kratz akainama kwa adabu, akasema hadai. Na Roswitha akamgeuzia shavu kwa hiari yake! Kwa hiari! Kanuni ya 1743 haina neno juu ya hiari.

Bibi Mauz naye akasema yeye habari za magurudumu hazijui. Akafumba macho, akasubiri. Watu wakasubiri. Naionja dawa ya nondo mpaka sasa.

Jumatano, 28 Januari

Siku tatu sikuandika. Nilikuwa nimelala uso ukutani.

Leo Roswitha aliniita dirishani kabla ya kufungua. Alisema ufunguo wa nyumba yake anaurudisha Ijumaa, si kabla. Alisema Freiburg ni kwa dada, si kwa mapenzi ya Freiburg. Alisema, akipanga tiketi ambazo zilikuwa zimeshapangika, kwamba kama mtu angemwambia abaki, na akampa sababu, angemsikiliza.

Mimi si mjinga. Nimeelewa mara moja. Anataka sababu!

Nimekaa tangu saa kumi nikiandaa. Ombi rasmi la wafanyakazi wote wa ngome, ukurasa mmoja na nusu, nakala mbili. Kwamba anaifahamu mashine ya tiketi kuliko mtu yeyote. Kwamba wageni wa makundi wamemzoea. Kwamba kumfundisha mwingine kutachukua miezi. Nimepata saini nane. Ya Kratz ni ya kwanza, kwa wino wa zambarau. Ya kwangu nimeiweka ya tano, isionekane sana.

Ijumaa, 30 Januari

Alilisoma ombi mara mbili. Aliligeuza kutazama nyuma ya karatasi. Akauliza kama ndiyo yote. Nikasema ipo nakala ya pili.

Akanishukuru, akaurudisha ufunguo wa nyumba saa sita.

Jumamosi, 31 Januari

Kituoni. Kratz alileta maua, akaimba ubeti mmoja, akaondoka kwa kuwa ana ziara saa tisa. Mimi nilibeba masanduku. Mawili na la kofia.

Treni ilikuwa imeshafungua milango. Roswitha alisimama kwenye ngazi ya behewa, akanipa kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya kwa dada yake. Akasema, “Eugen.” Eugen! Miaka kumi na moja! Akasema nimpigie. Kesho, au hata leo usiku. Niseme lolote. “Hata hali ya hewa,” akasema. “Nitakaa karibu na simu.” Na macho yake yalikuwa mekundu, nami nikaona.

“Safari njema, Bibi Lenz,” nikasema.

Nilibaki pale mpaka mtu wa kufagia akaniomba nisogee.

Jumapili, 1 Februari

Nimelia usiku kucha, lakini asubuhi akili imenirudia, na sasa naliona kosa langu. Ni moja tu. Nilikuwa nampa kila nilichokuwa nacho: theluji, ombi, masanduku. Mtu hatamani kilicho mbele yake. Kumpigia simu leo kungekuwa kurudia kosa lilelile. Kupiga tu na kusema! Hivyo ndivyo hufanya watu wasio na mpango.

Mpango mpya: wiki mbili za kimya. Wiki ya kwanza atashangaa. Ya pili atanikosa. Siku ya kumi na tano nampelekea kadi, bila jina, yenye picha ya Ukumbi. Aprili, pengine, barua. Nimechora ratiba kwenye karatasi ya miraba na kuibandika juu ya simu.

Simu inalia. Ni namba ileile iliyo kwenye kipande cha karatasi.

Siipokei. Imelia mara kumi na moja, sasa imenyamaza. Mpango umeanza vizuri sana.